Nyoka-mjeledi na jina lake

Ndugu wasikilizaji, hapa Uganda watoto wengi hukijua kiboko cha kuchapia kabla hawajamwona kiboko wa Mto Nile. Naanza na neno hilo kwa sababu nyoka wetu wa leo, Masticophis flagellum, ana mjeledi mara mbili katika jina lake: mastix ni mjeledi kwa Kigiriki, flagellum ni mjeledi kwa Kilatini. Huishi kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Hana sumu. Kwa kawaida hufikia mita 1.2 hadi 1.8.

Tukimwita nyoka-kiboko tutakosea. Kiboko ni ukanda mmoja wa ngozi, hauna msuko. Huyu umtazame mkiani: kila gamba limekolea rangi ukingoni na kufifia katikati, na magamba yakipandana mshazari, jicho linaona ngozi iliyosukwa. Ndiyo maana nashikilia neno mjeledi.

Jina hilo limezaa uzushi kwamba humkimbiza mtu, akamchapa hadi afe, kisha akamtia ncha ya mkia puani kupima kama bado anapumua. Mwendo wake ni kama kilomita 6 kwa saa. Ukikimbia unamwacha nyuma. Huwinda mchana kwa macho, kichwa kimeinuka juu ya nyasi, na mwenye hofu akikiona kichwa hicho hudhani anafuatwa. Hata mjusi hamnyongi: humbana kwa taya na kummeza angali hai. Ukimshika atauma mara kwa mara huku akivuta kichwa, meno yachane ngozi. Kidonda hicho huoshwa kwa maji na sabuni.

Nyoka-mjeledi ni mwembamba na hana sumu, lakini hapa kwetu wembamba si kipimo cha usalama. Ukukwi wa jenasi Philothamnus, ambaye Waganda humwita nawandagala kwa rangi ya ndagala, majani ya mgomba, hana madhara kwa mtu. Rangi hiyohiyo anayo nyoka aitwaye mamba wa Jameson (si mamba wa majini), ambaye sumu yake hupooza pumzi, na nyoka wa mitini Dispholidus typus, ambaye sumu yake huzuia damu kuganda na dalili zaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Kwa hiyo aliyeumwa na nyoka mwembamba wa kijani asisubiri kumtambua. Atulize kiungo kilichoumwa, asifunge kamba, asichanje, apelekwe hospitali, na abaki chini ya uangalizi hata akijiona mzima.