Mhitimu wa Shahada ya Jumla Anajua Kufanya Nini?

Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, mabibi na mabwana.

Anayesomea udaktari haulizwi atafanya kazi gani. Anayesomea shahada ya jumla, isiyomwandaa kwa kazi moja maalumu, kama historia, falsafa au fizikia, huulizwa tangu mwaka wa kwanza, nasi tumezoea kumjibia: "Utajifunza kufikiri." Sawa. Kufikiri vipi, na ni nani amewahi kumpima?

Suala lenyewe si jipya. Mwaka 1963, nchini Uingereza, kamati ya Lionel Robbins ilipotaja malengo ya elimu ya juu ilianza na stadi zitakazomwezesha mtu kushika nafasi yake kazini. Mwaka 1997 ripoti ya Ron Dearing kuhusu elimu ya juu nchini humo ikataja stadi nne waziwazi: mawasiliano, hesabu, matumizi ya teknolojia ya habari, na kujua namna ya kujifunza. Vyuo vingi hujibu madai ya aina hii kwa njia iliyo nyepesi kiutawala, yaani kozi ya pembeni ya stadi. Mwanafunzi anahudhuria, anafaulu, anasahau. Mimi siipendi kozi hiyo.

Sababu ni kwamba ujuzi hauhami wenyewe kutoka kazi moja hadi nyingine. Mwaka 1980 wanasaikolojia Mary Gick na Keith Holyoak waliwasomesha watu kisa cha jemadari aliyetaka kuiteka ngome. Njia zote zilitegwa mabomu, jeshi kubwa lisingepita salama. Akaligawa vikosi vidogo, kila kimoja na njia yake, vikafika kwa pamoja. Kisha wakawapa tatizo la daktari mwenye miale inayoua uvimbe, lakini ikiwa na nguvu hiyo huharibu pia sehemu nzima za mwili inamopita. Jibu ni lile lile: miale hafifu itoke pande nyingi, ikutane kwenye uvimbe. Waliolipata walikuwa kama asilimia 30. Walipodokezwa kwamba kisa kile kingeweza kuwafaa, wakafika takriban asilimia 75.

Tukae hapo kidogo. Kisa walikuwa nacho kichwani, wametoka kukisoma. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia wakitumie. Ndivyo alivyo mhitimu wetu wa historia: miaka mitatu amepambanisha mashahidi wanaopingana, halafu kwenye usaili anasema hana uzoefu wowote.

Kwa hiyo mhadhiri wa somo ndiye anayepaswa kudokeza, tena palepale kazi inapofanyika. Lakini kwanza kazi yenyewe iudai huo ujuzi. Tazameni maabara zetu. Mwongozo unasema pima hiki, chora grafu ile, jibu likaribie thamani fulani. Jibu likikataa kukaribia, takwimu hupakwa rangi kidogo, na sote tunajua. Sasa ondoa mwongozo. Mpe mwanafunzi uzi, kitu kizito na saa, umuulize kama muda wa pendulamu kwenda na kurudi hutegemea pembe ya kuanzia. Kwa pembe ya nyuzi 20, tofauti na muda wa pembe ndogo sana haifiki asilimia 1; kwa pembe ya nyuzi 60 ni kama asilimia 7. Anayepima mara moja anaweza kuapa kwamba hakuna tofauti. Itambidi aamue apime mara ngapi, na aandike ana hakika kiasi gani na jibu lake. Somo halijabadilika, wala hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Upande wa sanaa, insha ya kurasa kumi ibaki. Iongezewe ukurasa mmoja kwa msomaji asiye mwanahistoria, ambaye lazima afanye uamuzi kesho asubuhi. Wengi wataona ule mmoja ni mgumu kuliko kumi.

Najua kuna mwenzetu anayenong'ona kwamba chuo kikuu si karakana ya waajiri. Nakubaliana naye kuliko anavyodhani. Ila kupima kwa uaminifu na kuandika kwa kueleweka vilikuwa vyetu kabla mwajiri hajavitamani.

Hoja nzito zaidi ni usahihishaji. Alama zote zikienda kwenye jibu sahihi, mwanafunzi atafukuza jibu sahihi, hata tukihubiri vipi. Basi sehemu ya alama iende kwenye maelezo ya uamuzi wake: kwa nini alipima mara 20, kwa nini alimwamini shahidi huyu akamwacha yule. Kwa darasa la watu 300 hilo haliwezekani kila wiki. Linawezekana mara mbili kwa muhula, iwapo tutaondoa majaribio mawili ya maabara yanayofuata mwongozo ambayo, tukisema kweli, hakuna atakayeyalilia.