Laxton: Ardhi Ilikuwa ya Nani?

Kwamba ardhi ya zamani haikuwa na mwenyewe mmoja, nimeshalisema mpaka kuna wanaonikwepa barazani, lakini leo mmekuja wenyewe, vumilieni. Yale ya ukabaila mliyakariri shuleni, siyarudii. Twende moja kwa moja Laxton, kijiji cha Nottinghamshire, Uingereza, mwaka 1086, makarani wa Mfalme William wakiandika Kitabu cha Domesday, orodha yake ya ardhi, watu na mali.

Wanasema zamani Laxton ilikuwa ya mtu aitwaye Tochi, sasa ni ya Geoffrey Alselin. Basi! Tochi kaishia wapi, hawakuandika. Chini ya Geoffrey yupo Walter, mtu wake, mwenye plau moja, yaani jembe la kukokotwa na ng'ombe. Chini yao wapo wakulima 22, na wengine 7 wenye vishamba vidogo. Kwa pamoja wana plau 5. Halafu watumwa 5 na kijakazi mmoja. Mmoja, na jina hana! Majani ya malisho yamehesabiwa, ekari 40. Msitu wa kulishia nguruwe umepimwa urefu na upana. Kijakazi kachomekwa tu kati ya watumwa na majani. Mwisho thamani: enzi ya Mfalme Edward, kabla ya William, pauni 9, sasa pauni 6. Hapo ndipo mfalme alipotazama.

Najua kuna mtu hapo nyuma anataka kusema, "Mwalimu, si ilikuwa mali ya bwana?" Hapana, ndugu yangu. Bwana yupi? Geoffrey kapewa na mfalme, Walter kakaa hapo kwa idhini ya Geoffrey, na mkulima analima kwa sharti la kumfanyia bwana kazi. Wote wana haki juu ya udongo uleule, na kila haki ina deni lake. Ukitafuta mwenye hati, utazunguka mpaka kesho.

Tena mkulima mwenyewe hakuwa na shamba moja lenye uzio. Alikuwa na vipande vyembamba, kimoja huku, kingine kule. Ramani aliyochora Mark Pierce mwaka 1635 inavionyesha kimoja kimoja. Sehemu iliyopumzishwa ilikuwa malisho ya mifugo ya kijiji. Basi ilibidi wote wapande na kupumzisha kwa pamoja; mkaidi angelima nini peke yake?

Naona mwenyekiti ananyooshea saa. Akina Everingham, mabwana wa Laxton wa baadaye, na ulinzi wa msitu wa Sherwood nawaruka, na ngome pia. Ila msiniambie haya ni ya kale tu: Laxton mpaka leo, kila mwishoni mwa Novemba, wazee wa baraza la kijiji hukagua shamba la ngano, na aliyepitisha trekta nje ya mpaka wake hutozwa faini. Haya, maswali.