Mtoto Kwenye Gokati, Fedha za Wakubwa na Vigari vya Beringi vya Isamilo

DADA: Karibuni tena wasikilizaji wetu, tuko hapa Mwanza. Leo ni gokati za watoto, vile vigari vya mbio vinavyokaa chini kabisa karibu na lami. Kaka yangu hapa ana mpwa wake huko Uingereza, amemaliza msimu wake wa kwanza. Na mimi nakaa Isamilo, ambako shule zikifungwa tu watoto wanashuka mlima na vigari vya beringi, vile vya mbao ambavyo beringi ndiyo magurudumu, roho yangu mkononi. Kaka, tuanze na mpwa wako.

KAKA: Ana miaka tisa. Kule watoto wa rika lake wanashindana kwenye daraja la watoto wadogo, wanaloliita la makadeti. Lakini haingii uwanjani hivi hivi. Anapimwa udereva na anaulizwa bendera zote. Njano, kuna hatari mbele, punguza na usimpite mtu. Nyekundu, mbio zimesimamishwa. Bluu, nyuma yako yupo aliyekuzidi mzunguko mzima, mpishe. Alikuwa ananipigia video huku kashika vitambaa vya rangi, ananifanyia mtihani mimi mjomba wake.

DADA: Akishafaulu?

KAKA: Anapewa kibao cheusi chenye namba nyeupe, kila mtu ajue huyu ni mgeni. Na anaanzia mkiani mpaka akusanye saini za kutosha za mbio alizomaliza salama. Mama yake aliumia sana. Mwanangu ana kasi, anasema, kwa nini awekwe nyuma kila wiki? Mimi naiona ni sheria njema. Mtoto anajifunza kupita wenzake bila kuwagonga, na anajifunza kumaliza. Maana pointi za msimu haziji kwa kuongoza mizunguko miwili halafu ukaishia kwenye matairi yaliyopangwa pembeni mwa uwanja.

DADA: Niliangalia ile video uliyonitumia. Kuna kona mtoto anakata usukani kwa nguvu, gurudumu moja la nyuma likanyanyuka kabisa. Nikasema huyu anapinduka.

KAKA: Hapo ndipo penyewe, dada. Lile gurudumu lazima linyanyuke.

DADA: Kwa nini?

KAKA: Gari la kawaida lina difu. Ukikata kona, tairi la nje linakwenda njia ndefu kuliko la ndani, na difu inaruhusu kila moja lizunguke kwa mwendo wake. Gokati haina difu. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, matairi mawili yamefungwa humo, yanazunguka pamoja yakitaka yasitake. Kwa hiyo chombo chenyewe kinapenda kwenda moja kwa moja. Ili kigeuke, tairi la ndani liachane na ardhi kidogo.

DADA: Na linanyanyuliwa na nini, kama hakuna shokapu?

KAKA: Shokapu haipo kweli. Ni fremu ya mabomba ya chuma inayojikunja. Ukikata usukani, namna matairi ya mbele yalivyoinamishwa inasukuma la ndani chini, fremu inajipinda, na kule nyuma tairi la upande huohuo linapanda. Sasa baba yake ni dereva mwangalifu, alikuwa anamwambia mtoto kata taratibu, taratibu. Ukikata taratibu tairi halipandi, ekseli inaburuza, injini inakabwa. Nusu ya kwanza ya msimu iliishia hapo. Kocha mmoja wa uwanjani ndiye alimwambia, chelewa kidogo halafu kata kwa uhakika. Nakwambia, tulipoona muda wake wa mzunguko umeshuka tulipiga kelele huku na huko.

DADA: Na siku ya mvua? Uliniambia ndiyo siku yake.

KAKA: Ilikuwa nzuri mno! Ile njia wanayopita wote siku ya jua inabaki na utando wa mpira wa matairi. Mvua ikinyesha, utando ule unateleza vibaya. Anayejua anaiacha, anapita nje zaidi, kwenye lami isiyo na mpira. Wenzake wanang'ang'ania njia waliyoizoea, yeye anazunguka nje anawapita mmoja mmoja. Na usisahau, breki ziko nyuma tu. Ukizikanyaga kwa pupa kwenye maji, unazunguka kama pia.

DADA: Sasa tuseme la fedha. Wazazi wanaotusikiliza wanajiuliza.

KAKA: Fedha ndiyo inayoniuma. Injini yenyewe haitishi. Makadeti wengi kule wanatumia Honda GX160, injini ileile inayofungwa kwenye pampu za kumwagilia bustani huku kwetu kandokando ya ziwa. Kinachomaliza mfuko ni matairi mapya, safari, fundi, fremu ya pili ya akiba. Lewis Hamilton alianza gokati akiwa na miaka minane, mwaka 1993, na baba yake, Anthony, alifanya kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja ili mtoto akimbie. 1995 mtoto akawa bingwa wa makadeti Uingereza. Tunaisimulia kwa furaha kwa sababu ilifanikiwa. Mimi nawafikiria wazazi waliojinyima vilevile na hatuwasikii.

DADA: Kwa hiyo mwenye hela ndiye anayeshinda?

KAKA: Wenye busara wanapigana na hilo. Madaraja mengi, injini inapigwa lakiri ili mtu asiifungue akaichokonoa. Na wanampima mtoto pamoja na gokati yake. Akiwa mwepesi kuliko kiwango, anafungiwa vipande vya risasi, yale madini mazito, kwenye siti, ili wembamba wake usiwe ushindi. Ukifanya hivyo, unachopima ni mtoto. Usipofanya, unapima wazazi.

DADA: Naomba niingize habari ya vigari visivyo na injini, maana ndiyo vya kwetu. Marekani kuna mashindano ya watoto ya kushuka mlima kwa uzito tu, yalianza Dayton mwaka 1934, mwaka uliofuata yakahamia Akron, na mpaka leo yako Akron. Mwaka 1973 bingwa alinyang'anywa taji. Ndani ya pua ya kigari chake mlikuwa na sumaku ya umeme. Pale juu vigari vinaegemea bamba la chuma, bamba likianguka mbele mbio zinaanza. Basi bamba likianguka, sumaku inavutwa nalo, kigari kinatangulia. Na aliyehusika ni mjomba wake.

KAKA: Mjomba!

DADA: Mjomba. Mtoto wa miaka kumi na minne. Mimi simlaumu mtoto hata kidogo.

KAKA: Wala mimi. Mtoto anaamini kile mkubwa anachomkabidhi.

DADA: Miaka miwili baadaye, 1975, akashinda msichana kwa mara ya kwanza, wa miaka kumi na moja. Wasichana walikuwa wameruhusiwa 1971 tu. Nalisema hili kwa sababu pale mtaani kwangu wasichana wanasukuma, wavulana wanapanda. Nataka lifike mwisho.

KAKA: Naunga mkono. Na ndiyo maana nataka tuanzishe letu, dada, nasema kwa dhati. Mtoto wa Isamilo tayari anajua kuchagua njia, anajua kuinamia ndani ya kona. Anachokosa ni helmeti, breki na barabara isiyo na bodaboda.

DADA: Breki kwanza. Sasa hivi wanasimama kwa kandambili, wanaburuza kisigino. Kule Akron breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa barabarani kwa kanyagio. Tairi bovu, bawaba, kamba, fundi seremala yeyote wa hapa anaitengeneza.

KAKA: Uzito tunapima kwenye mizani ya wauza dagaa Mwaloni, mtoto na kigari chake juu. Anayepungua anaongezewa jiwe, na mawe Mwanza hayaishi.

DADA: Lakini beringi? Mtoto ambaye baba yake ana gereji atakuja na kubwa, mpya, zenye grisi. Wengine watakuja na zilizoliwa.

KAKA: Zote za saizi moja, zinakusanywa kwenye gunia moja. Asubuhi ya mashindano kila mtoto anachota nne, macho yamefungwa, mbele ya watu wote. Anazifunga yeye mwenyewe.

DADA: Na wakubwa?

KAKA: Nyuma ya kamba. Tunashangilia, hatushiki spana.

DADA: Basi kazi ya wasikilizaji ni hii. Tunahitaji mteremko mmoja tutakaouombea kibali cha kufungwa Jumapili asubuhi. Uwe na lami nzima, kona isizidi mbili, na chini pawe na sehemu ndefu tambarare ya kusimamia. Wa Isamilo, Bugando, Igogo, Kitangiri, tutumieni sauti, mtaje na mfereji wa maji uko upande gani.