Tiba Shufaa Huanza Lini? Uelewa Wetu Watoa Huduma katika Hospitali ya Umma

Ndugu madaktari, wauguzi, wafamasia, maofisa ustawi wa jamii na wanafunzi wa kada zote za afya,

Naomba nianze na maneno ambayo sote tumeyasikia wodini, na ambayo wengi wetu tumewahi kuyatamka: "Hatuna la kufanya tena." Mara nyingi ni baada ya maneno hayo ndipo tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, huandikwa kwenye faili la mgonjwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo lilipo kosa letu kubwa. Ufafanuzi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2002 unaeleza wazi kwamba huduma hii huanza mapema, sambamba na matibabu yanayokusudia kurefusha maisha, yakiwemo mionzi na tibakemikali (dawa za kuua seli za saratani). Wala si ya saratani peke yake: mgonjwa ambaye moyo wake au figo zake zimeshindwa kazi anaihitaji vilevile.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanyika Boston, Marekani, kwa wagonjwa 151 waliogunduliwa kuwa na saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Kwa waliopewa tiba shufaa tangu mwanzo pamoja na matibabu ya kawaida, kipimo cha kati cha muda wa kuishi (muda ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka) kilikuwa miezi 11.6, ilhali kwa waliopewa matibabu ya kawaida pekee kilikuwa miezi 8.9. Anayeahirisha huduma hii kwa kuogopa kumkatisha mgonjwa tamaa na autafakari utafiti huo.

Woga wetu mwingine ni wa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Wapo kati yetu wanaoamini kwamba dawa hii humharakishia mgonjwa kifo au kumgeuza teja. Mofini ya kunywa, ikianzwa kwa dozi ndogo na kuongezwa hatua kwa hatua kwa kufuata maumivu, ni nadra kudhoofisha upumuaji. Tatizo linalowapata wagonjwa wengi ni kufunga choo, nalo huzuiwa kwa kuandika dawa ya kulainisha choo siku ileile. Nguvu yake hudumu takriban saa 4, na ndiyo maana hutolewa kwa saa maalumu. Tunapoandika tu "apewe maumivu yakizidi", tunamtaka mgonjwa aumie kwanza ndipo astahili dawa, na akiita kabla ya muda tunamshuku kuwa ameizoea. Hilo linanihuzunisha sana, kwa sababu tunamhukumu kwa maumivu ambayo tumeyaacha sisi.

Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (kituo cha kuwahudumia wagonjwa wanaokaribia mwisho wa maisha) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alikuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii, kisha daktari, na pengine ndiyo sababu aliyaona maumivu kuwa ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Mama asiyelala usiku kwa kuwaza nani atawalea wanawe hatatulizwa na dozi pekee; anahitaji mtu wa kuketi naye, na kazi hiyo si ya daktari peke yake.

Ninaloliomba kwenu halihitaji bajeti mpya. Kuanzia zamu ya kesho, mwulizeni kila mgonjwa maumivu yake ni mangapi kati ya 0 na 10, na jibu lake liandikwe kwenye chati ileile ya joto na mapigo ya moyo.