Msimulizi Asiyeshangaa: Mhadhara juu ya Kusikiliza Bunilizi za Kisayansi

Ndugu mwenyekiti, nanyi nyote mliokubali kunisikiliza tena juu ya jambo ambalo baadhi yenu mngeweza kulieleza kwa niaba yangu, nawashukuru. Historia ya vitabu vya kusikiliza nitairuka, kwa kuwa mnaifahamu, na wale wanaoziona bunilizi za kisayansi kuwa hadithi za watoto sitawajibu leo, kwa kuwa kazi hiyo imenichosha. Nimekuja na dai moja tu: msimulizi bora wa bunilizi ya kisayansi ni yule asiyeshangaa. Sauti nzito, ulimi mwepesi na kipaji cha kuigiza ni mambo ya kushukuru yakipatikana, lakini msimulizi anayeshangazwa na ulimwengu anaousimulia amekwisha kuuharibu, na hakuna koo lililojaliwa kiasi cha kuuokoa.

Tuchukue sentensi moja, ambayo nimeitunga mwenyewe ili nisimwonee mwandishi yeyote: "Mama alipima hewa iliyobaki chumbani, akamtuma mtoto kwa jirani akaazime ya kutosha usiku mmoja, kisha akaendelea kukunja nguo." Msimulizi wa kwanza, ambaye nina hakika mmekwisha kukutana naye, akifika kwenye neno "hewa" hushusha sauti, akifika kwenye "akaazime" husita kidogo kisha akalitamka kwa kunong'ona, na zile nguo huzipitia mbiombio kama mtu anayefunga duka, kwa kuwa kwake jambo la maana limekwisha kusemwa. Kwa sauti yake ametuambia: sikilizeni, huku hewa huazimwa! Lakini huyo mama hashangai hata kidogo. Kwake yeye kuishiwa hewa ni adha ya jioni, na pengine kinachomuumiza zaidi ni kwamba jirani huyo anamdai tangu wiki iliyopita. Mwandishi ameificha ajabu yake ndani ya shughuli za nyumbani kwa makusudi, ili msikilizaji aipite, kisha aigutukie akiwa amekwisha kuingia katika nyumba hiyo. Msimulizi anayeitangaza mapema anampokonya msikilizaji ugunduzi ambao ulikuwa haki yake, na ambao kwa kweli ndio uliomfanya aache aina nyingine zote za hadithi akachagua hii.

Msimulizi wa pili huisoma sentensi hiyohiyo kwa mwendo mmoja, hewa ikipewa uzito uleule wa nguo, na kama ana mkazo wa kutumia, huuweka kwenye "kisha", maana hapo ndipo tunapotambua kwamba mama huyu amezoea. Mimi nywele hunisimama kwenye "kisha". Katika usomaji wa kwanza husimama kwenye "hewa", halafu hulala, hazisimami tena.

Najua mtaniambia kwamba ninamtaka msimulizi asome kama anayetangaza ratiba ya treni. Sivyo. Kutoshangaa hakuhusiani na ubaridi. Mama huyo anaweza kuwa na hofu kubwa, na msimulizi akampa hofu yote aliyo nayo, ilimradi iwe hofu ya mkazi wa mahali hapo na si ya mgeni aliyeshuka jana kutoka kwenye chombo cha anga. Mkazi huogopa deni, kuchelewa kwa mtoto, na aibu ya kubisha hodi kwa mara ya tatu. Mgeni huogopa kila kitu kwa kiasi kilekile, na sauti inayoogopa kila kitu kwa kiasi kilekile huchosha kabla ya sura ya pili.

Mwingine atasema kwamba msikilizaji wa bunilizi hizi anahitaji kusaidiwa, kwa kuwa maneno ni mageni, na mkazo ndio msaada wenyewe. Pingamizi hili ninaliheshimu, maana lina ukweli nusu. Anayesoma kwa macho akikutana na jina lenye konsonanti sita na ritifaa mbili hulichukua kama picha, akaendelea. Asipoelewa, hurudi ukurasa mmoja nyuma. Anayesikiliza mikono yake iko kwenye usukani au kwenye sinki la vyombo, na hana ukurasa wa kurudia. Kwa hiyo msaada ni wajibu. Lakini msaada huo ni matamshi safi yasiyobadilika, kituo kifupi mwishoni mwa kishazi ili akili ipange ilichokipokea, na mwendo unaopungua kidogo pale mwandishi anapoeleza mashine kwa sentensi ya mistari sita. Mshangao haumo katika orodha hiyo.

Na hayo matamshi yasiyobadilika si kazi ndogo. Msimulizi makini hukisoma kitabu chote kabla ya kuingia studio, akaorodhesha kila jina la kubuni na kila istilahi, kisha akamuuliza mwandishi, ambaye mara nyingi hugundua siku hiyo kwamba hajawahi kulitamka jina la shujaa wake kwa sauti. Mwendo wa kawaida wa kusimulia kwa Kiingereza hutoa takriban maneno 9,000 kwa saa, hivyo riwaya ya maneno 100,000 hukaribia saa 11 za sauti iliyokamilika, na saa za kurekodi ni nyingi kuliko hizo. Katika chumba kile maikrofoni hunasa mlio wa tumbo lenye njaa na mchakacho wa shati lililopigwa pasi. Wengine huuma tofaa bichi ili mate yasitoe sauti za kubofyabofya mdomoni. Akikosea, kinasa sauti hurudishwa nyuma sentensi moja, naye huingia upya katikati ya maneno yake mwenyewe, kwa sauti ileile, kwa hisia ileile, hata kama kosa limetokea saa kumi jioni na sentensi ilianza kabla ya chakula cha mchana. Sasa mwongezeeni mtu huyu lugha ya sayari ambayo haipo.

Mfululizo ukiwa mrefu, wajibu huo hudumu miaka. Mnaukumbuka mfano wa The Expanse, riwaya tisa zilizotoka kati ya 2011 na 2021, ambazo zilisimuliwa na Jefferson Mays. Ile ya nne, Cibola Burn, ilitoka kwanza kwa sauti ya msimulizi mwingine. Sitaki kumsema vibaya mtu huyo, maana angekianza yeye kitabu cha kwanza huenda leo tungemlilia yeye. Tatizo ni kwamba wahusika wote wa chombo cha anga cha hadithi hiyo walilala na sauti moja wakaamka na nyingine, na msikilizaji, ambaye kwake sauti ndiyo sura ya mtu, akajikuta miongoni mwa wageni wenye majina ya rafiki zake. Baadaye Mays aliirekodi riwaya hiyo upya. Mambo yalikuwa magumu zaidi kwa The Martian ya Andy Weir, ambayo R. C. Bray aliisimulia mwaka 2013, kisha mwaka 2020 ikatolewa upya kwa sauti ya Wil Wheaton, na waliompenda Bray wakanuna mpaka leo. Wenye kudhani msimulizi ni chombo tu cha kupitishia maandishi hawana la kusema juu ya kununa huko.

Weir huyohuyo ananipa mfano wa upande wa pili, nao nautaja kila mara kwa sababu unanipinga kidogo. Katika Project Hail Mary kuna kiumbe asiye na maneno, anayezungumza kwa noti za muziki, kadhaa kwa pamoja. Kwenye karatasi unaona alama za noti, na unapaswa kujijazia wewe mwenyewe. Watayarishaji wa kitabu cha kusikiliza waliweka sauti halisi za muziki, na Ray Porter akasimulia mengine yote. Mwaka 2022 kikapata tuzo ya Audie ya kitabu cha kusikiliza cha mwaka. Mtaniuliza: je, muziki huo si mshangao uleule unaoukataa? Siyo, kwa sababu ndani ya hadithi mhusika mwenyewe anausikia, tena anapaswa kuuchambua ili aishi. Ninachokipinga ni ile milio ya anga inayomwagwa chini ya sauti ya msimulizi ili kutukumbusha kwamba tuko mbali na nyumbani, kana kwamba mtu anaweza kusahau. Na sikilizeni Porter anavyofanya kadiri urafiki wa wawili hao unavyokomaa: kiumbe yule anazidi kuwa mtu wa kawaida, mwenye papara na utani, hadi unasahau kwamba hana uso. Kazi hiyo imefanywa na sauti ya binadamu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka. Roboti: kusoma maneno yao kwa sauti bapa ni uvivu, na anayebisha amsikilize Kevin R. Free katika visa vya Murderbot, ambamo mashine ina haya na uchovu kuliko abiria wote. Wasimulizi wengi katika kitabu kimoja: inawezekana, ilimradi mhusika mmoja asigawiwe sauti mbili. Sauti zinazotengenezwa na akili mnemba: nilikuwa na kurasa tatu, nitasema tu kwamba sauti isiyoelewa haiwezi kuzoea, na mazoea ndiyo niliyokuwa nikiyatetea muda wote huu. Wanaodai kwamba kusikiliza si kusoma wakumbuke kwamba vitabu vya kusikiliza vilianza kutolewa kwenye sahani za santuri katika miaka ya 1930, Marekani na Uingereza, kwa ajili ya wasioona, kisha wawaendee hao wakawaambie kwamba hawajasoma kitu.

Kuhusu kuongeza kasi ya kusikiliza hadi mara mbili, fanyeni mtakavyo, ila msinilalamikie kwamba msimulizi hana vituo. Na kabla ya kununua kitabu, sikilizeni kile kipande cha kuonjea mpaka mfikie neno la kwanza la kubuni. Sauti ikilisimamia neno hilo kama mgeni rasmi, tafuteni kitabu kingine. Karibuni maswali, isipokuwa lile la kasi.