Mgao wa mto utolewe kwanza

Hamjambo nyote, wazee, akina mama, na nyinyi vijana mmesimama hapo mlangoni, ingieni tu, viti viko. Nimeambiwa niongee kuhusu vile tutagawana maji ya Mto Njoro kiangazi kikifika. Mimi sio injinia, mimi ni mkulima wa hapa hapa, na miaka minne sasa ndio huwa nasoma ile rula ya mto pale darajani, ule ubao wa sentimita unaopima maji yamefika wapi, asubuhi na jioni, naandika kwa kitabu.

Wacha nianze na hicho kitabu. Mwezi wa pili mwaka jana, wiki nzima hakuna hata tone la mvua, si hapa si huko juu Mau, mto unakoanzia. Saa moja asubuhi rula inasema sentimita 11, saa kumi na mbili jioni inasema 17. Kesho yake hivyo hivyo. Sasa mto unapanda aje mchana na jua limewaka vile? Mto ukiachwa peke yake kiangazi unashuka pole pole siku baada ya siku, haupandi. Jibu mnalijua. Usiku pampu zinanguruma, mchana zinazimwa ndio watu wasizione, na zile sentimita 6 ndio zinaenda kwa mashamba yetu gizani. Nasema yetu kwa sababu mimi pia nilikuwa na pampu, na nilijua huko chini kuna mama ameamka saa kumi na moja kwenda mtoni na mtungi akapata tope, na nikaendelea. Hiyo kitu iliniuma mpaka nikaiuza.

Tufanye hesabu kidogo. Eka moja ya kabeji wakati wa jua kali inakunywa kama milimita 5 kwa siku, ukizidisha na ukubwa wa eka unapata kama lita 20,000, yaani mitungi 1,000 ya lita 20, kila siku. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anahitaji kama lita 50 mpaka 100 kwa siku, tuchukue 50, familia ya watu watano ni lita 250. Kwa hivyo eka moja inakunywa maji ya familia 80. Sisemi tuache kabeji, kabeji ndio karo, ndio dawa ya hospitali, nani atalima kama sio sisi? Nasema tu tujue ile pampu ikiwashwa inabeba nini.

Na sheria haijatuacha gizani. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Maji ya 2016 inasema maji ya nyumbani yanatangulia matumizi mengine yote, halafu kuna kitu inaita akiba, na hapo ndio naomba mnisikize vizuri, kwa sababu watu wengi wanadhani akiba ni yale maji yanabaki baada ya kila mtu kuchukua. Hapana! Akiba inatolewa kwanza, ni maji ya mahitaji ya msingi ya watu pamoja na uhai wa mto wenyewe, samaki, vyura, miti ya kando, na hayo hayagawiwi mtu kibali. Mpaka wake wa chini ni ule mtiririko ambao mto huwa nao ama kuupita siku 95 kati ya 100. Na kanuni za maji za 2007 zikasema maji ya kunyunyizia shamba yatoke kwa mafuriko, uyaweke, yakutoshe siku 90.

Siku 90 kwa eka moja ni lita milioni 1.8. Inaonekana kubwa lakini silanga, yaani bwawa la kuchimba, ya mita 30 kwa 30, kina mita 2, inayabeba yote, bila kuhesabu yale jua litakunywa. Hiyo inachimbika. Jirani watatu wakishikana wanakodi tingatinga pamoja.

Kuna wale watasema mbona Ziwa Nakuru, pale mto wetu unaingia, limejaa mpaka likameza geti ya mbuga, kwani maji si yako mengi? Jamani, ziwa ni chumvi, huwezi kunyweshea ng'ombe. Na ziwa kujaa ni mvua nyingi imeteremka kwa kishindo, huku msitu wa Mau umekatwa sana, hakuna kitu cha kushikilia maji yatoke pole pole Januari. Ni ziwa hili hili lilikauka miaka ya tisini katikati, flamingo wakahama. Mto wa kiangazi ni hesabu nyingine.

Wenzetu wa Naivasha walishapitia hii. Kiangazi cha 2009 ziwa lao lilirudi nyuma vibaya, ikabidi watengeneze mpango wa rangi, kijani unachukua kulingana na kibali, njano unapunguza, nyekundu unabanwa zaidi. Na walio chini, mashamba ya maua, wakakubali kuwalipa wakulima wadogo wa juu, kule Turasha na Wanjohi, kwa vocha, ndio wapande miti na nyasi za nepia wazuie mchanga usiingie mtoni. Hiyo ndio inanipa moyo zaidi, kwa sababu wa juu hakuitwa mwizi, aliitwa mshirika.

Sasa sisi tuanze na rula. Pale chini ya alama tutakayokubaliana, hakuna pampu, ya mtu yeyote, hata ya mwenyekiti. Juu yake kidogo ni zamu, wa juu siku mbili, wa katikati mbili, wa chini mbili, Jumapili mto upumzike. Na pampu ziwashwe mchana, tuonane. Jumamosi saa tatu tukutane darajani, nimeshanunua rangi nyekundu na njano, kijani mtu ajitolee.