Mtutu Mpya na Risasi ya Kwanza

Ndugu zangu, mtutu mpya wa bunduki ya kuwindia unang'aa, lakini tazameni kooni, pale chemba, yaani kitako cha mtutu inamokaa risasi kabla ya kupigwa, inapoishia na mifereji ya msokoto inapoanza. Chombo kilichochonga chemba kilizunguka pale kikikata kwa kukingama, kikaacha alama ndogo sana za chuma. Kichwa cha risasi kilichovikwa shaba kikipita, alama hizo zinakikwangua kama tupa. Joto la baruti linageuza chembe za shaba zilizokwanguliwa kuwa mvuke, nao unakwenda kuganda mbele, ndani ya mtutu.

Kulainisha mtutu, basi, ni kupiga risasi moja, kusafisha mpaka shaba iishe, kisha kupiga nyingine. Kwa nini kusafisha kila mara? Shaba ikitanda kooni, risasi inayofuata itasugua shaba yenzake, na chuma kitabaki na makali yake. Dawa yenye amonia ndiyo shahidi: kitambaa kikitoka na rangi ya buluu, shaba ingalipo. Ila angalieni, brashi ya shaba nayo hutoa buluu hiyohiyo. Wapo waliosugua jioni nzima wakifukuza shaba ya brashi yao wenyewe! Buluu ikipungua sana, acheni. Mitutu mingi hufika hapo mapema.

Wako mafundi wanaosema hizi ni risasi za kupoteza, koo litalainika lenyewe kwa matumizi. Siwapingi sana. Mtutu uliosuguliwa ndani kwa mkono kiwandani hutulia upesi, na uliopakwa kromu haubadiliki kwa mchezo huu. Ninachokataa ni usafishaji wa pupa. Hakikisha bunduki ni tupu, ondoa bolti, kile kipande cha nyuma kinachofunga chemba, kisha pitisha ufito wa kusafishia kutoka nyuma. Ufito ukikwaruza ukingo wa mdomo wa mtutu, shabaha imeharibika, na hakuna dawa ya chupa itakayoirudisha. Mtutu ukiwa wa moto hata haushikiki, uache upoe. Joto ndilo linalokula koo.

Sasa, mwindaji si mshindani wa shabaha. Mnyama anapigwa kwa risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi. Na mtutu uliotoka kusafishwa, wenye mafuta ndani, mara nyingi huipeleka risasi hiyo pembeni. Kwa hiyo ukisafisha, futa mafuta yote, piga risasi chache za kuuchafua, uache upoe kabisa. Kisha, kwa siku tofauti, piga moja moja tu kwenye karatasi ileile. Matundu hayo ndiyo ya kurekebishia darubini yako.